Sura ya Sita: Kufa Kufaana

Mwembe wa jirani yangu huko Chamazi, Wilaya ya Temeke, ulikatwa Jumamosi moja asubuhi ili pajengwe fremu nne za maduka. Kufika adhuhuri ulikuwa chini, na kufika magharibi ulikuwa umegawanywa kama mirathi. Matawi membamba aliyachukua mama ntilie wa pale kona, aliyekuja na kamba yake mwenyewe. Matawi manene yalipakiwa na kijana aliyesema ana mtu wake wa tanuri upande wa Vikindu. Majani waliyamaliza mbuzi. Likabaki gogo la shina, urefu wa mita mbili, zito, lisiloingia kwenye bajaji wala kwenye toroli.

Fundi seremala wa mtaani aliitwa alitazame. Aliligonga kwa mgongo wa panga, akainama, akanusa pale msumeno ulipopita, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hapa hamna mbao," aliniambia. "Mwembe ni chakula cha wadudu. Nikikutengenezea kitanda leo, mwakani unalala kwenye unga."

Nikaliomba. Jirani alicheka, akaniambia nisilipe kitu. Vijana watatu waliliviringisha hadi nyuma ya nyumba yangu na kuliegemeza ukutani, nusu juani, nusu chini ya kivuli cha mfenesi. Mke wangu alitoka jikoni, akalitazama kwa muda, akauliza swali ambalo sura hii nzima inajaribu kulijibu: "Sasa hilo gogo atalikula nani?"

Magunia mawili ya sembe

Tuanze na mizani. Gogo lile lilikuwa na upana wa nusu mita hivi. Likikauka kabisa, uzito wake ungekuwa kilo mia mbili na ushee. Kilo moja ya mti mkavu hubeba nishati ya takriban megajuli 16. Kilo moja ya sembe hubeba takriban 15. Kwa hesabu hiyo tupu, nyuma ya nyumba yangu palikuwa na magunia mawili ya sembe yaliyoachwa nje usiku bila mlinzi.

Sembe ikiachwa hivyo Chamazi haifiki alfajiri, lakini gogo hudumu miaka. Chakula ni kingi kotekote, ila cha kwenye gogo kimetiwa kufuli. Wanga wa sembe na selulosi ya mti vimejengwa kwa sukari ileile, glukosi. Katika wanga, glukosi zimeunganishwa kwa namna ambayo mate yako huanza kuifungua ungali unatafuna tonge. Katika selulosi zimeunganishwa kwa namna nyingine, na tumbo la binadamu halina ufunguo wake. Juu ya hapo kuna lignini, gundi ngumu inayoshikilia nyuzi za mti zisiachane. Kisha kuna uhaba wa naitrojeni: kwa kawaida haifiki hata nusu ya asilimia moja ya uzito wa mti, na bila naitrojeni hakuna mwili unaojengwa. Buu anayekula mti ni kama mtoto anayekuzwa kwa ugali mtupu, bila dagaa wala maharage. Ndiyo maana mabuu wengi wa mbawakawa hukaa ndani ya mti mwaka mzima, miwili, au zaidi, kabla ya kutoka wakiwa na mbawa.

Wazee walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa mtu anayefurahia makombo ya wenzake. Lakini aliyeitunga alikuwa amemtazama chungu kwa makini. Ganda alilolitema mtafunaji bado lina sukari; kwake limekwisha, kwa chungu ndiyo kwanza msimu umeanza. Nishati iliyomo haijapotea. Inamngoja mwenye meno ya aina nyingine.

Hapo ndipo jambo la sura hii lilipo. Gogo lina kufuli nyingi, na hakuna mdudu mmoja mwenye funguo zote. Tukitaka kujua kwa nini mahali fulani pana aina nyingi za wadudu wa miti iliyokufa na pengine pana chache, tuulize maswali mawili. La kwanza: kuna nishati kiasi gani? La pili, ambalo watu husahau kuliuliza: nishati hiyo imegawanywa katika mafungu mangapi?

Wageni kwa zamu

Waliotangulia kufika kwenye gogo langu walikuwa wapenda tamu. Siku za mwanzo utomvu uliochacha pale msumeno ulipopita uliwaita nzi, sisimizi na mbawakawa wadogo wa rangi ya kahawia. Hao hawali mti; wanakunywa kilichobaki cha maisha yake. Ndani ya wiki mbili kinywaji kilikauka, nao wakaondoka.

Wakaja wachimbaji wa magamba, na pamoja nao mbawakawa wadogo kama punje ya mtama wanaotoboa tundu jembamba kuingia ndani kabisa. Unawatambua kwa vumbi lao, linalotoka kama vijiti vyeupe vya kuchokolea meno vilivyochomekwa kwenye gamba. Hawa ni wakulima. Jike hubeba mbegu za kuvu mwilini mwake, huzipanda kwenye kuta za handaki, na watoto wake hula kuvu hiyo badala ya mti. Ufunguo umekodishwa: kuvu ndiyo inayofungua kufuli, mdudu anapokea mavuno.

Baadaye wakafika wenye ule unga wa fundi. Hawa ni mbawakawa wenye umbo la kipande cha kalamu, kichwa kimeinamia kifuani kama mtu aliyevaa kofia ya koti. Wanachotafuta ni wanga ambao mti uliuweka akiba katika sehemu nyeupe ya nje ya shina ulipokuwa hai. Mwembe una sehemu hiyo nyeupe kwa wingi, na hicho ndicho alichokinusa fundi. Mninga ni tofauti. Sehemu yake nyeupe nayo huliwa, na ndiyo maana seremala mzuri huikata na kuitupa, ila kiini chake cha kahawia kimejaa kemikali ambazo wadudu wengi hawazivumilii. Nishati ya kiini hicho ni nyingi sawa na ya mwembe. Kilichoongezeka ni kufuli.

Baada ya vuli ya kwanza gamba lilianza kuachana na mti. Chini yake palikuwa na mtaa mzima: mabuu bapa ya mbawakawa wenye papasi ndefu, na waliokuja kuwala hao, yaani tandu, nge mdogo mweusi, na nyigu mwembamba mwenye mkia kama sindano anayetoboa mti na kutaga yai juu ya buu la mwenzake. Asubuhi moja kigogota alitua na kuanza kugonga. Jina lake lenyewe linasema kazi yake: anagogota. Lakini kwa wadudu elfu moja hawashibi hata kigogota wawili, kwa sababu kila nishati inapopita kutoka mlaji mmoja hadi mwingine, sehemu kubwa hupotea kama joto. Kanuni ya jumla ya wanaikolojia ni kwamba takriban sehemu moja ya kumi tu ndiyo huvuka. Gogo likiwa dogo, ngazi za juu huanguka kwanza. Kwa hiyo wingi wa nishati hauamui tu wadudu wangapi wataishi, huamua pia kama wawindaji wao wataweza kuishi.

Na chini, mahali gogo lilipogusa udongo, mchwa walikuwa wamekwisha kufika bila kumwambia mtu.

Joto ni mkono unaozungusha ufunguo

Mwaka 1983 mwanaikolojia David Wright alichapisha wazo ambalo sasa hufundishwa vyuoni. Aliangalia visiwa na kuona kwamba ukubwa wa kisiwa peke yake hauelezi vizuri idadi ya aina za viumbe waliopo. Cha maana zaidi ni jumla ya nishati inayopatikana kisiwani. Nishati ikiwa nyingi, viumbe huwa wengi. Viumbe wakiwa wengi, hata aina adimu huwa na idadi ya kutosha kuendeleza ukoo badala ya kutoweka kwa bahati mbaya ya msimu mmoja. Gogo, ukilitazama vizuri, ni kisiwa. Limezungukwa na bahari ya udongo, saruji na mabati, na kila mdudu aliyemo alipaswa kuruka au kutambaa kulifikia.

Ila kwa mdudu neno nishati lina maana mbili. Ya kwanza ni chakula. Ya pili ni joto la hewa, kwa sababu mdudu hana moto wake wa ndani kama sisi. Mwili wake hufanya kazi kwa kasi ya joto lililomzunguka. Watafiti waliofanya kazi Mlima Kilimanjaro walihesabu makundi makubwa 25 ya mimea na wanyama kwenye miteremko yenye tofauti ya kimo cha kilomita 3.7, na mwaka 2016 wakatoa jibu: kila kundi likitazamwa peke yake lina mambo yake, lakini yakijumlishwa yote, kinachotabiri idadi ya aina vizuri kuliko kingine chochote ni joto.

Kwa miti iliyokufa jibu ni kali zaidi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa maeneo 133 katika mabara sita. Vipande vya mbao ya msonobari vilifungwa kwenye wavu na kuwekwa chini. Vingine viliachiwa matundu ili mchwa waingie, vingine vikabaki kwa kuvu na bakteria peke yao. Joto lilipopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuvu na bakteria haikufika mara mbili. Kasi ya mchwa iliongezeka kwa zaidi ya mara sita na nusu. Nyuzi 10 ni kama tofauti ya wastani kati ya Njombe na Dar es Salaam. Yeyote aliyehama kutoka nyanda za juu akajenga Mbagala, kisha akakuta fremu ya mlango imebaki rangi ya nje tupu, amekwisha kuufanya utafiti huo kwa gharama zake mwenyewe. Sasa anapaka nguzo zake oili chafu kama sisi wengine.

Mchwa ana ufunguo ambao wengine hawana. Wale wanaojenga vichuguu vikubwa vya pwani na bara hawasagi selulosi kwa tumbo peke yake. Hubeba mti uliotafunwa hadi kwenye bustani zao chini ya ardhi, na huko hulima kuvu inayouvunja. Masika yanapoanza, kumbikumbi wanapojaa kwenye taa na watoto wanapokimbilia mabeseni, kinachoruka pale ni mti uliokufa umegeuzwa mafuta na protini. Katika vichuguu vingine huchipuka uyoga wanaouza akina mama kando ya barabara. Sembe iliyotiwa kufuli hurudi mezani kwa njia hiyo.

Lakini joto halitoshi bila maji. Gogo langu lilinifundisha hilo kwa kuwa lililala nusu juani. Upande wa jua ulipasuka, ukakauka, ukawa wa wale wenye unga wa wanga na nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Upande wa mfenesi ulibaki na unyevu, ukaota uyoga wenye umbo la sikio, ukalainika, ukapokea majongoo na mabuu wanene weupe waliojikunja kama kikuku. Gogo lilikuwa moja lakini lina mitaa miwili isiyosalimiana, kama Masaki na Mbagala. Wanasayansi wa Msitu wa Bavaria, Ujerumani, walijaribu kitu kama hicho kwa makusudi: waliweka miti iliyokufa mingi na michache, ya aina moja na ya aina mchanganyiko, juani na kivulini. Walichokiona ni kwamba jua na mchanganyiko viliongeza aina za mbawakawa kuliko wingi wa miti peke yake. Huko kwenye baridi, jua ndilo lililokuwa haba. Kwetu jua limejaa na kivuli chenye unyevu ndicho cha kutafuta, lakini funzo ni lilelile: rundo kubwa la kitu kimoja halina thamani ya marundo madogo ya vitu vingi.

Chonga na Scania

Ushahidi mzuri wa hayo ni wadudu wawili ambao kila mkulima wa pwani anawafahamu na hawapendi.

Wa kwanza ni chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe. Mtu anayemwona juu ya mnazi hai akitafuna kitovu hudhani hapo ndipo kwao. Kumbe kwao ni kwenye mnazi uliokufa. Jike hutaga kwenye shina linalooza, na mabuu hukulia humo kwa miezi. Akishapata mbawa ndipo hupanda mnazi mzima, hutoboa, na majani yakifunguka yanakuwa yamekatwa pembetatu kama kwa mkasi. Wakulima humtoa kwa waya wenye ncha, mmoja mmoja.

Sasa fikiria shamba la minazi mitupu, kama mengi yaliyozunguka Dar es Salaam zamani, kabla viwanja havijapimwa. Minazi ikifa kwa ugonjwa au uzee na mashina yakabaki yamesimama bila vichwa, nishati ni nyingi mno, lakini yote ni ya fungu moja. Mwenye ufunguo huo ni mmoja, na anazaliana bila mpinzani. Wadudu ni maelfu. Aina ni chache. Ndiyo maana ushauri wa siku zote kwa mwenye minazi ni kuondoa au kufukia mashina yaliyokufa, na kwa mwenye shamba la zao moja ushauri huo ni sahihi.

Wa pili ni dumuzi, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia kwenye maghala ya mahindi ya Tabora na kuyageuza vumbi. Wakulima walimpa jina la lori: Scania. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na ukoo wake ni uleule wa mbawakawa wa unga waliokuja kwenye gogo langu. Kwa kuzaliwa ni mdudu wa mti. Tafiti zilizofanyika Meksiko na Kenya zilionyesha kwamba anaweza kuishi na kuzaliana porini kwenye matawi makavu yenye wanga. Porini, wanga wa aina hiyo hupatikana kidogo kidogo, tawi hapa na tawi kule, na kila tawi lina washindani na maadui. Kisha binadamu akakusanya wanga mtupu, mkavu, usio na lignini, akaujaza ghalani na kufunga mlango. Alikuwa ameondoa kufuli zote isipokuwa ya mlango, na dumuzi hahitaji mlango.

Chonga na dumuzi si ishara kwamba mti uliokufa huzaa maadui. Wanatuonyesha kinachotokea nishati inapokuwa nyingi na ya namna moja. Mdudu mharibifu, mara nyingi, ni mdudu wa kawaida aliyekuta fungu lake limeachwa pasipo mgawanyo.

Wimbi lililotoka mjini

Twende sasa juu kidogo ya uzio wangu. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wote hula chakula kilichopikwa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilieleza kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zilizotegemea mkaa zaidi zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, na kwamba nchi nzima ilitumia mkaa kama tani milioni moja kwa mwaka, karibu nusu yake katika jiji hili moja.

Mkaa ni mti uliofunguliwa kwa moto. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za mti mkavu hutoa mkaa kama kilo 15. Kilo hizo 15 zina nguvu, kwa sababu kila moja hubeba karibu megajuli 30. Lakini piga hesabu uone: megajuli 1,600 zimeingia tanurini, 450 zimetoka. Zilizobaki zimekuwa moshi na joto la usiku huko porini. Kwa kipimo hicho, nusu milioni ya tani za mkaa ni zaidi ya tani milioni tatu za mti kwa mwaka. Tunayemwita mnunuzi wa kopo la mkaa, kwa macho ya mdudu, ndiye mlaji mkubwa kuliko wote wa miti kwenye pwani hii.

Mwaka 2010 kundi la watafiti likiongozwa na Antje Ahrends, akiwemo Neil Burgess aliyeijua misitu ya pwani kwa miaka mingi, lilichora ramani ya ulaji huo. Walilinganisha hali ya misitu ya mwaka 1991 na ya 2005 kwa kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda nje. Waliona mawimbi. Wimbi la wavunaji wa mbao za thamani lilikuwa limesonga mbele kilomita 120 ndani ya miaka 14, karibu kilomita 9 kwa mwaka. Nyuma yake lilikuja wimbi la mkaa, la mwendo wa pole, likila kilichobaki. Na kadiri ulivyosogea mbali na jiji, ndivyo aina za miti na hazina ya kaboni vilivyoongezeka.

Utafiti huo ulihusu miti. Lakini msomaji aliyefika hapa anaweza kusoma habari za wadudu katika namba hizohizo. Aina za miti zikipungua, kufuli za kila namna hupungua, na wenye funguo zake hukosa kazi. Zaidi ya hapo, karibu na mji mti haufi kifo chake. Hukatwa ukiwa na unene wa mapaja, hubebwa wote, na kisiki huchipua ili kikatwe tena. Mti mkubwa unaozeeka, unaoanza kuoza moyoni ukiwa hai, unaokaa umesimama mfu kwa miaka kumi kisha kulala chini kwa ishirini, huo ndio wenye mafungu mengi kuliko yote, na huo ndio wa kwanza kutoweka. Hata pale tulipokataza kukata miti hai, tumezoea kuona kuokota kuni kavu ni jambo lisilomdhuru yeyote. Mti mkavu hauna mwenyewe, tunasema. Wenyewe wamo ndani.

Ndipo thamani ya vipande vilivyobaki inapoonekana. Pande, kaskazini magharibi mwa jiji upande wa Kinondoni na Ubungo, ni msitu wa kilomita za mraba kama 12 uliofanywa pori la akiba mwaka 1990. Kusini, ukitoka Mbagala kwa Barabara ya Kilwa, kuna msitu wa Vikindu. Magharibi, juu ya vilima vya Kisarawe, kuna Pugu na Kazimzumbwi. Ukiwa Mabwepande unaweza kusimama na mgongo ukielekea nyumba mpya za bati jekundu na uso ukielekea msitu uliokuwa hapo kabla ya jiji kuwa na jina. Ndani yake mti mmoja umekufa kwa radi, mwingine kwa mtambaa uliounyonga, mwingine kwa uzee. Mmoja uko bondeni penye maji, mwingine kwenye kichanga kinachochoma nyayo. Pengine jumla ya nishati katika ekari moja ya hapo haizidi sana ile ya rundo la magogo kwenye yadi ya mbao. Mgawanyo wake ndio usiofanana na wa yadi.

Na kazi ya wadudu hao si ndogo hata kwa kipimo cha dunia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na jarida la Nature, uliofanywa katika misitu 55 ya mabara sita kwa kutumia mbao za aina zaidi ya 140 za miti, ulikadiria kwamba miti inayooza duniani huachia kaboni tani bilioni 10.9 kila mwaka, asilimia 93 ikitoka misitu ya tropiki, na kwamba wadudu huchangia asilimia 29 ya kaboni hiyo. Sehemu ya kaboni hiyo huenda hewani, nyingine huingia ardhini. Msitu hauna mbolea nyingine ya kununua.

Kisiki kimoja

Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Mkakati huo ni wa afya ya mama anayepuliza jiko na ya msitu unaolilisha jiko hilo. Siku mama ntilie wa kona yetu atakapopikia gesi, tawi la mwembe litakuwa limepoteza mlaji wake mkubwa.

Lakini sina hakika litabaki kwa wadudu. Tuna mlaji mwingine, naye ni fagio. Uwanja wa Mswahili hufagiwa alfajiri, na kilichofagiwa huchomwa. Gogo linalooza nyuma ya nyumba ni aibu ya mwenye nyumba, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba kwa siku tatu. Mtaa mzima wa viwanja vyenye ukuta, vibaraza vya saruji na miti ya mapambo ya aina moja unaweza kuwa wa kijani kabisa na usiwe na hata fungu moja la kumlisha mwenye papasi ndefu. Siombi kila mtu afuge magogo. Karibu na nguzo za nyumba hilo ni kualika mchwa, na penye minazi ni kualika chonga. Naomba kisiki kimoja kwenye kona ya mbali, tawi nene moja chini ya mti wa uwanja wa shule, mkorosho mmoja mkavu kwenye ukingo wa bonde ambako nyumba haziruhusiwi kujengwa. Na aina ziwe tofauti: kwangu mwembe, kwako mkwaju, kwa yule mfenesi.

Gogo langu sasa lina miaka minne. Upande wa jua umebaki gamba lenye matundu kama chujio. Upande wa kivuli umezama nusu ardhini, na mke wangu, ambaye kwa miezi ya mwanzo alilizungukia mbali, huchota udongo wake mweusi kwa kopo na kuutia kwenye viroba vya mchicha.

Juzi fundi alikuja kurekebisha mlango wa jiko. Alipomaliza alizunguka nyuma kunawa mikono, akaliona. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama hadi mwisho.

"Si nilikwambia, mwalimu? Chakula cha wadudu."

"Uliniambia," nilimjibu. "Ila hukuniambia ni wangapi."

Akachuchumaa, akainua kipande cha gamba kilicholegea, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akakaa kimya muda mrefu, akihesabu.